Redio Gramu ya Mninga

Baba yangu alikuwa fundi seremala pale Ilomba, Mbeya, na karibu kila kitu cha mbao nyumbani kwetu kilitoka mikononi mwake, kuanzia vitanda hadi mwiko wa ugali. Mwaka mmoja katikati ya miaka ya sabini, misheni moja ya upande wa Iringa ilimwita akatengeneze madawati. Alirudi na mzigo mkubwa umefungwa kwa blanketi, akiwa ameupakata njia nzima kwenye basi.

Ilikuwa redio gramu, au tuseme matumbo yake: redio, sahani ya kuzungushia santuri na spika mbili. Mwenyewe alikuwa Mzungu aliyekwisha kurudi kwao. Kabati lilikuwa limeliwa na mchwa, likisubiri kuchomwa, na Baba akaomba apewe vilivyosalia pamoja na santuri chache.

Akaagiza mbao za mninga kutoka Chunya. Kila alipomaliza kazi za watu alirudi kwenye kabati lile, akipiga randa, akipiga msasa, akirudia tena. Lilipopakwa vanishi, majirani walikuja kulipapasa tu, hata kabla halijatoa mlio wowote.

Tulilifungulia Jumapili, baada ya kanisa. Sebule ilijaa, wengine wakasimama dirishani. Santuri ya dansi ilipoanza, watu walicheka kwa raha, na Baba akakunja mikono kifuani. Mama peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa Mhehe, na tangu usichana wake aliimba sauti ya pili kwenye kwaya. Wageni walipoondoka alimwambia Baba taratibu kwamba humo ndani kulikuwa na mwimbaji mmoja wa ziada.

Baba alinuna. Alisema hajawahi kuona mbao ikiimba. Wiki nzima redio gramu ilikaa kimya, imefunikwa kitambaa, nasi watoto tukapita kando yake kwa adabu kama tunapita kwa mgeni.

Jumamosi Baba alikitoa kitambaa mwenyewe, akaweka santuri, akamwomba Mama amwonyeshe. Mama akapitisha kiganja juu ya kabati, ubavuni, kisha nyuma. Alipobonyeza ubao wa nyuma, mvumo mdogo ambao sikuwa nimeusikia hadi wakati ule ukakatika. Alipoachia, ukarudi.

"Hapa," alisema. "Gitaa zito likishuka, ubao huu nao unaitikia."

Nami nikaweka mkono. Ubao ulitetemeka kama tumbo la paka anayekoroma. Baba akaenda kuchukua koleo na bisibisi. Aling'oa misumari yote ya nyuma, akatandika vipande vya blanketi kuukuu kwenye kingo, akafunga ubao upya kwa skrubu. Chini ya sahani aliweka mpira wa tairi la baiskeli, kwa sababu Mama alisema sindano ya kusomea santuri nayo ilikuwa inarukaruka. Kila alipobadilisha kitu alimwita asikilize, na hakuendelea mpaka Mama atikise kichwa kukubali.

Siku chache baadaye alikuja mjomba, kaka yake Mama, karani wa Iringa mjini. Hakuwa amefurahia dada yake kuolewa na seremala, na kwake alikuwa na redio gramu ya dukani. Alisikiliza santuri upande wa kwanza, akageuza, akasikiliza wa pili. Kisha akamuuliza Baba alijifunza wapi kazi ile.

"Kabati nimetengeneza mimi, shemeji," Baba akajibu. "Sauti ametengeneza dada yako."

Mama alikuwa anamimina chai. Sijawahi kumwona amenyooka mgongo namna ile.

Habari zilisambaa. Watu wa Mbeya mjini, hata wa Chimala, wakaanza kuleta redio zao zilizoliwa na mchwa. Baba hakukabidhi hata moja kabla Mama hajaisikiliza. Mama alivaa nguo za kanisani, akakaa kwenye kiti mbele ya spika, na wanaume wazima wakasimama kimya wakingoja atasema nini.

Mwaka ule shuleni tuliandikishwa kazi za wazazi. Nilisema baba ni seremala na mama ni fundi wa sauti. Kwa mama, mwalimu aliandika "mkulima". Nikamwomba afute. Akanitazama, akauliza fundi wa sauti ndiye nani, nikamweleza yote, kuanzia kiganja hadi skrubu. Akachukua raba, akafuta, akaandika nilivyosema.