Babu na Midomo Miwili ya Tarumbeta

Juzi kwenye simu nilimwona jamaa akilinganisha midomo ya tarumbeta za zamani, vile vipande vya kupulizia, ule una kikombe kipana chenye kina, huu mwembamba. Nikacheka, maana nilipokuwa mdogo pale Igoma nilimkuta babu akiibusu miwili kwa zamu, chumba kikinuka shaba na ndimu ya kusugulia. Nikakimbia kumsemea.

"Bibi, babu anabusu vyuma!"

"Mwache, mmbea wewe. Hana meno ya mbele, anatafuta usiomuumiza ufizi. Jumamosi anataka kumpigia shangazi yako harusini."

Mwembamba ulitoa hewa tu. Mpana ukakoroma kama ng'ombe, kisha sauti ikanyooka. Uani, shangazi aliyekuwa akisukwa akaanza kulia. Mimi nilidhani msusi amemvuta nywele sana.