Makofi ya kukanyagia ndizi yalivyomvusha Tata mlangoni

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo. Hili limetokea nyumbani kwetu Nshamba, Muleba, na chumvi sijaongeza.

Baba yangu, tunamwita Tata, ana Parkinson, huu mwaka wa nne. Mikono kutetemeka tulishazoea. Kilichotushinda ni miguu.

Anatembea vizuri tu, akifika mlangoni anaganda. Nyayo zinagoma kabisa. Ukimvuta, anaanguka.

Mama amezikwa kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, chini kidogo ya nyumba. Zamani kila Jumapili Tata alikuwa anashuka kumsalimia. Miguu ilipogoma akaacha. Nikasema nimbebe, akakataa.

"Siwezi kwenda kwa mke wangu nimebebwa kama gunia la kahawa."

Na Tata akishasema hapana, hata paroko hambadilishi. Ikapita miezi. Iliniuma sana, siwafichi.

Mimi nafanya kazi Bukoba mjini. Huko dada mmoja wa mazoezi ya viungo akanishauri nijaribu muziki wenye mdundo unaolingana na hatua za mgonjwa.

Nikaona hiyo kazi ndogo. Wikiendi nikaenda na spika, nikamwekea bongo fleva (msinicheke). Mdundo ukamkimbiza mzee wa watu, nikamdakia shati sebuleni. Nikaweka kwaya ya taratibu, akakaa chini akaanza kusali.

Spika nikairudisha kwenye begi.

Wiki mbili baadaye jirani yetu Sospeter alikuwa anakamua ndizi za rubisi. Kwa wasiojua, rubisi ni pombe yetu ya ndizi. Ndizi mbivu zinawekwa na nyasi kwenye mtumbwi wa mti, wanaume wanazikanyaga mpaka juisi itoke, huku wanaimba na kupiga makofi ili miguu iende pamoja. Tata kabla hajaumwa ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo.

Siku hiyo alikuwa ameganda mlangoni kama kawaida, nimemshika kiuno. Makofi yakaanza kule kwa Sospeter. Nikaona kisigino chake kinagonga sakafu, taratibu. Halafu akavuka kizingiti kama mtu anayewahi gulio.

Nikakimbilia kwa Sospeter kuomba nirekodi.

"Rekodi, waitu, lakini ukimaliza uingie ukanyage na wewe."

Nilikanyaga, wakuu. Mapaja yaliuma siku tatu.

Jumapili iliyofuata nikawasha ile rekodi kwenye simu, nikamfuata Tata nyuma. Kwenye migomba aliganda mara mbili. Sikumvuta. Alisikiliza makofi, akajiambia "mpola, mpola," yaani polepole, akagonga fimbo chini, akaendelea. Mimi nyuma machozi yananitoka.

Akafika kaburini, akavua kofia. Nikasubiri neno zito.

"Zima hilo likelele, nenda nyumbani. Mimi na mama yako tuna maongezi."

Nikazima. Ila nilijibanza kwenye migomba, maana simu yenye makofi ninayo mimi, angerudi na nini?

Nilichojifunza: si kila wimbo unafaa. Tafuta ule ambao miguu ya mgonjwa wako iliwahi kuufanyia kazi. Dawa anameza zake kama kawaida na ugonjwa upo palepale, hilo nisiwadanganye. Lakini siku hizi Jumapili akimaliza chai, ananiuliza kama simu ina chaji.

Wenye wazazi wa hali hii, wa kwenu wanatembelea mdundo gani? Mwageni uzoefu hapa.