Nyapara wa Maji Moto ya Amboni

Wako wanaosema mambo ya Amboni ni porojo za kuwavutia wageni waje kutazama mapango. Mimi sibishani nao. Nakuambia tu kilichonipata mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa miaka ile ya shida, sabuni ikipita mpakani Horohoro kwa magendo na kutufikia sisi wa mtaa wa Nguvumali kwa nadra. Mwanangu Agnesi, hata kutembea bado, alijaa upele mwili mzima. Jirani yangu Bi Mwanahamisi, Mdigo, akanishauri tumpeleke kwenye chemchemi ya maji moto, kule Amboni karibu na Mto Zigi. Maji yale yananuka kama yai viza, lakini upele huyakimbia.

Tulipofika, Bi Mwanahamisi akaenda kutafuta majani ya kumpaka mtoto. Nikabaki namwogesha. Mara nikamwona mwanamume ng'ambo ya dimbwi: kaptula ya kaki, kofia ngumu, fimbo mkononi. Nikamwamkia shikamoo.

"Toka," akasema. "Maji haya si ya manamba."

Manamba! Ndivyo walivyoitwa vibarua walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, baba yangu akiwamo. Yule mwanamume akaja kwangu akikanyaga juu ya maji, na maji hayakutikisika. Niamini. Alipolielekezea fimbo, dimbwi lililokuwa likitoa mvuke likapoa kama maji ya mtungi. Mtoto akamkodolea macho.

Ningekimbia? Miguu ilitaka. Lakini nilimkumbuka baba, aliyefukuzwa hapo hapo alipokwenda kuosha vidonda vya miiba, na hasira ikaishinda hofu.

"Baba yangu alikata mkonge wa huku mpaka akafa," nikamwambia. "Mwanawe haondoki."

Nikaendelea kumwogesha mwanangu, nikisali Baba Yetu kwa sauti. Yule mtu akanikamata mkono wa kulia. Sikuuvuta. Nilipofika "utuopoe maovuni", hapakuwa na mtu, na maji yalikuwa yakichoma tena.

Bi Mwanahamisi alinikuta bado namwogesha mtoto. Nilipomweleza, akasema huyo ni nyapara, msimamizi wa vibarua wa mkonge, aliyezama Zigi enzi za wakoloni. Wengi wamemwona, na wote walitoka mbio.

Agnesi alipona, sasa ana watoto wake. Lakini mkono wangu huu ni wa baridi mpaka kesho, hata jua la Januari haliupashi. Uguse uone. Nawe ukienda kule, akatokea akakuamuru utoke, usimtukane, wala usimpe mgongo. Endelea kuoga.