Tarehe ya Shangazi Bado

Shangazi yangu aliitwa Bado, na jina hilo alilipatia kanisani, kwa kosa la silabi moja.

Alikuwa na miaka ishirini na minne, ameajiriwa juzijuzi katika chumba cha kufulia cha hospitali, na mchumba wake alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Jumapili moja akasimama kutoa ushuhuda. Maneno yenyewe kila mtu aliyajua kwa moyo: Bwana asifiwe, nimeokoka, nampenda Yesu, kisha unataja tarehe yako na kuketi. Shangazi akasema, "Bwana asifiwe. Ninaokoka." Kanisa zima likaangua kicheko. Kiongozi wa kwaya, mama ambaye utani ukimjia haumezi, akamwuliza, "Dada, kwani wokovu ni maharage, yachemke mchana kutwa? Umeiva au bado?"

"Bado," akajibu shangazi kwa adabu zote, na jina likamganda.

Ulimi hauna mfupa, na angeweza kujisahihisha Jumapili iliyofuata. Hakujisahihisha. Aliniambia kwamba alifika nyumbani, akaligeuzageuza lile neno, akaona ndilo la kweli. Wenzake walikuwa na siku yao. Mchumba wake, ambaye baadaye alimwoa, aliokoka siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akibadilisha tairi kando ya barabara. Kifua kikawa chepesi hata akasahau kukaza nati mbili. Kila mwaka tarehe hiyo ikifika alivaa shati jeupe. Shangazi alimpenda, na alimwonea wivu. Yeye alisali, akafunga, akaimba, akangoja. Siku yake haikuja.

Mume akafariki nikiwa darasa la tano, na ile hamu ikachanganyika na hofu. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa karani wa kanisa, nilikuwa nikimpitia kazini mchana namsaidia kukunja mashuka, yeye pembe mbili na mimi pembe mbili. Hapo ndipo aliponiambia: "Mwenzangu amekwisha fika. Mimi nikifika mlangoni nikaulizwa siku yangu, nitajibu nini? Nami nina hamu naye, mwanangu, mpaka mbavu zinaniuma."

Chumba chenyewe kilikuwa cha joto na mvuke, madirisha hayaonyeshi nje, na mashine moja ilitikisika hata ikatembea mpaka walipoizuia kwa tofali. Kila shuka lilipigwa muhuri wa wodi yake. Shangazi alisoma muhuri, akapitisha pasi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba, hili la upasuaji. Atakayelilalia unamjua wewe, mimi simjui." Kisha lingine. Hakufumba macho, maana pasi haimsamehe anayefumba macho. Kwa miaka thelathini na moja hakuwaona hao aliowaombea, kwa sababu watu wa kufulia hawakuruhusiwa kupanda wodini.

Kwa hiyo mchungaji alipotangaza kikundi cha kuwatembelea wagonjwa, shangazi aliyebakiza miezi sita astaafu hakulala kwa furaha. Alitaka kuziona nyuso zao, basi. Fomu niliichapa mimi. Jina, simu, tarehe ya kuokoka. Na mstari huo wa tatu niliukoleza wino, kwa vile napenda mambo yaliyonyooka. Akairudisha imejazwa yote isipokuwa pale.

Mchungaji, kijana wa rika la kitinda mimba wake, alimvutia kiti. "Mama, andika tu. Hata ya kukadiria. Nani hapa asiyekujua?"

Mimi nilikuwa nimeanza kukereka, sitaficha. "Shangazi, weka hata siku ya ubatizo, tumalize," nikasema, nikampa kalamu.

Aliishika kalamu muda mrefu. Kisha akaiweka juu ya meza taratibu. "Nikiandika ya uongo, mchungaji, nitakuwa nimeacha kuingoja ya kweli."

Mchungaji aliahidi kulipeleka suala kwa wazee, na wazee wakajibu kwamba utaratibu ni utaratibu. Nilipompa shangazi habari hiyo ofisini kwangu, alilia. Alilia sana, akajifuta kwa kitambaa cha kichwa, akaniomba nisimwambie mtu. Halafu akatazama saa akasema mashuka ya wodi ya watoto yanamsubiri, akaenda.

Nilibaki na kazi ya kuzipanga fomu za waliokubaliwa. Zilikuwa ishirini na mbili, zote zina tarehe, na ya juu kabisa ilikuwa yangu. Mimi niliokoka nina miaka kumi na minne, kambini, siku ambayo kiongozi wetu alisema waliompokea Bwana wanyooshe mikono ili twende tukale. Njaa ilikuwa imenishika, nikanyoosha. Tangu hapo tarehe hiyo nimeiandika kila mahali kwa mwandiko mzuri, na sijawahi kungoja kitu kingine. Nikakaa na fomu yangu mkononi, nikijaribu kukumbuka ni lini nilimtamani Mungu kama anavyomtamani shangazi, japo mara moja. Sikuipata tarehe.