Kichwa changu kilivyounguza jiko la mama mkwe, na jinsi nilivyojifunza kuishi nacho

Wakuu, salamu kwenu nyote mlioamka salama.

Wengi wenu humu naweza kuwa bibi yenu, kwa hiyo shikamoo zenu nimeshazipokea. Macho yananisumbua na vidole vinagusa herufi za jirani, mnivumilie. Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Nimeandika kwa sababu ya uzi wa kijana mmoja humu. Anasema amepimwa hospitali, ameambiwa ana ADHD, yaani kichwa kisichotulia, na juu yake kuna wasiwasi na sonona. Anaona maisha yake yamekwisha kabla hayajaanza.

Kijana, kaa hapa kidogo na bibi.

Mimi ni Mnyiha wa Ihanda, njia ya kwenda Tunduma. Nimekua wakati Mwingereza bado anatawala, na nilipoolewa kahawa ndiyo kwanza ilikuwa inaingia kwenye mashamba yetu sisi watu wa kawaida. Hayo majina ya kidaktari hatukuwa nayo. Tulikuwa na majina mengine tu, na mengi hayakuwa mazuri.

Tangu mtoto kichwa changu hakikutulia. Ukinituma maji narudi na uyoga, mtungi nimeuacha kule kule. Kanisani nilikuwa naanza sala na watu wote, wakifika amina mimi niko mbali sana, nawaza kwa nini mzee wa mbele amevaa viatu visivyofanana. Mama yangu alichapa mpaka akachoka, akaniachia Mungu.

Nikaolewa na Yona, kijana wa upande wa Mlowo. Mpole, mcheshi, mchapakazi. Hatukukaa sana pamoja, akaenda migodini Rhodesia ya Kaskazini kama vijana wengi wa wakati ule. Nikabaki na mama yake.

Mama mkwe aliitwa Tabitha. Mjane, mrefu, maneno machache. Nilimwogopa. Jirani yetu alikuwa shemeji yangu Elia, kaka mkubwa wa Yona, na yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho kwenye ukoo.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Asubuhi mama mkwe alikwenda kwenye miche ya kahawa, akaniacha nimebandika maharage. Nikakumbuka kuku hawajafunguliwa. Nikaenda. Njiani nikaona uzio umelala. Nikashuka bondeni kukata fito za kuurekebisha. Bondeni nikakuta akina mama wanasuka mikeka, nikakaa. Mazungumzo yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo.

Mmoja wao akauliza ule moshi ni wa nini.

Nilipofika, paa la jiko lilikuwa limeshaanguka. Nyasi tupu, haikuchukua muda. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Lakini wanaojua majiko yetu ya zamani wanajua mbegu ya mahindi ilikuwa inaning'inizwa wapi. Juu ya moto, ili wadudu wasiishambulie. Mbegu yote ya msimu uliokuwa unakuja ilikwenda na lile paa.

Mama mkwe alirudi, akasimama akaangalia. Ningefurahi kama angenipiga.

Majirani na watu wa kanisa walituchangia mbegu, tukapanda. Kwa nje mambo yakaisha. Kwa ndani ndiyo yalikuwa yanaanza.

Nikawa naogopa. Nikiona moshi hata wa mtu anayechoma majani, moyo unapiga kama nimekimbia kutoka Ihanda. Natoka shambani kwenda kuangalia moto niliouzima mwenyewe. Naukuta umezimika, narudi, sijafika nageuka tena. Jembe langu likawa halina kazi.

Halafu mvua zikakolea na mimi nikalala.

Siyo usingizi, wakuu. Waliopitia watanielewa. Nilikuwa nawasikia watu wanaongea uani kama wako ng'ambo ya mlima. Chakula hakina ladha. Kuoga ilikuwa safari. Nilikuwa naangalia ukuta, na ukuta ulinitosha.

Kukawa na wanaosema nimerogwa, na wanaosema ni uvivu umepata kisingizio. Mimi mwenyewe niliwaamini wote.

Elia akaita kikao cha ukoo. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na hofu kwamba safari ijayo itaungua nyumba na mtu ndani. Akasema ni vema nirudishwe Ihanda kwa baba yangu mpaka Yona atakaporudi, ndipo wazee wa pande zote mbili wakae. Kila aliyekuwepo alijua maana yake. Mke akirudishwa namna hiyo, anakuwa amerudishwa moja kwa moja.

Na mimi niliyekuwa nimekaa pale chini, nilikuwa nakubaliana naye.

Ndipo mama mkwe akaongea. Aliongea polepole, bila kumwangalia mtu.

"Jiko liliungua nikiwa sipo. Tangu binti huyu aje hapa, tukifanya kazi wawili, ameharibu nini?"

Hakungoja jibu.

"Huyu si mvivu. Huyu akiachwa peke yake anapotea. Basi haendi popote, atafanya kazi nikiwa naye."

Elia alijaribu kuuliza itakuwa hivyo mpaka lini. Mama mkwe akamjibu kwamba hilo ni lake yeye, siyo la kikao.

Kuanzia hapo ikawa hivi. Asubuhi anakuja na ungo wake wa maharage, anakaa kwenye mlango wa chumba changu, anachambua. Haniambii amka. Hanihubirii. Anachambua tu, mara moja moja anasema habari za ng'ombe wa jirani. Siku za kwanza sikutoka. Baadaye nikawa natoka kwa aibu ya kumwacha achambue peke yake. Baadaye nikawa natoka kwa sababu nilitaka kujua ng'ombe wa jirani amezaa nini.

Nikitoka ananipa kazi moja. Moja tu. Nikimaliza narudi kwake, ananipa nyingine. Mwanzoni niliona ananifanya mtoto. Kumbe kazi zikinijia zote kwa pamoja ndipo kichwa kinapokimbia.

Jikoni akaniwekea sheria: nikitoka wakati chungu kiko motoni, nitoke na mwiko mkononi. Mtaa mzima ulinicheka. Nilikuwa naonekana kwenye banda la kuku na mwiko, kisimani na mwiko. Lakini nikiuona tu nakumbuka, nakimbia.

Na ile hofu ya moto hakuidharau. Tulikuwa tunazima pamoja, tunamwagia maji, ananiambia niseme kwa sauti kwamba umezimika. Nikisema, tunaondoka. Nikitaka kugeuka ananishika mkono, tunaendelea kutembea. Moyo ulikuwa unapiga kweli, halafu unachoka wenyewe.

Hapa niwe mkweli kwa kijana wetu. Haikwenda kwa kupanda tu. Kulikuwa na wiki nzuri na wiki ambazo nilirudi ukutani. Mama mkwe hakushangaa hata mara moja, na nadhani huko kutoshangaa kwake kulinisaidia kuliko yote.

Siku moja tukiwa tunapalilia kahawa nikapata ujasiri, nikamuuliza kwa nini anahangaika na mimi hivi.

Akaendelea kupalilia. Nikadhani hakusikia.

"Mimi ujana wangu, mvua zikikolea moyo ulikuwa unalala," akasema. "Watoto wanalia, nawasikia, siwezi kuinuka. Hakuna aliyekuja kukaa mlangoni."

Halafu akaniambia nisiruke magugu ya pembeni.

Nilipalilia nikilia, lakini kilikuwa kilio kizuri. Kumbe yule mama niliyemwogopa alikuwa ananijua tangu zamani.

Jambo la mwisho aliloliona, mimi sikuliona. Aligundua kwamba kwenye watu wengi na kelele nyingi sipotei. Kwenye utulivu ndiko ninakopotea. Basi tulipovuna akanichukua mpaka Tunduma kuuza maharage na karanga.

Wakuu, nilifika nyumbani.

Tunduma ile haikuwa hii ya foleni za malori. Lakini mpaka ulikuwa mpaka. Wachimba migodi wanarudi na mablanketi na baiskeli, akina mama wa ng'ambo wanakuja na samaki wakavu, Kinamwanga huku, Kibemba kule, Kiswahili katikati. Kichwa kile kilichoshindwa kukaa na chungu kimoja kiliweza kufuata mazungumzo ya watu wanne kwa mpigo. Kibemba nilikidaka haraka. Nilikuwa nawasalimia "mwapoleni mukwai" na wanasogea kwenye fungu langu.

Nikawa nakwenda mara kwa mara, na jirani yetu Rozina. Yeye mtulivu, hasahau kitu, ila kuongea na mgeni ni mateso kwake. Yeye akatunza mali, mimi nikaita wateja. Tulifanya biashara pamoja mpaka tukawa wazee.

Yona aliporudi, Elia alimweleza yote. Akaja kuniuliza na mimi, nikamweleza yote vile vile. Alikuwa amerudi na mabati ya kuezekea nyumba, kitu cha fahari sana wakati ule. Kesho yake akaanza kuezeka jiko. Nyumba ikabaki ya nyasi, jiko likang'aa bati. Watu walipita makusudi kuja kucheka. Elia ndiye aliyekuwa anampandishia misumari.

Tumezaa, tumelea, tumezeeka. Yona na mama yake wameshatangulia.

Nilichojifunza ni hiki. Kichwa changu hakijapona, na sidhani kilikuwa kinangoja kupona. Hata mwaka huu mvua zilipokolea nilikuwa na siku za ukutani. Tofauti ni kwamba sasa nawaambia wanangu mapema, hawaniachi peke yangu, na najua zitapita. Nimeishi maisha mazuri. Nasema hivyo bila kujipa moyo.

Kijana, wewe una bahati ya daktari na ya jina la kile unachoumwa. Dawa ukipewa kunywa, kliniki nenda, na mawazo ya kujidhuru yakikujia usikae nayo, mwambie mtu siku hiyo hiyo. Lakini tafuta pia mtu wa kufanya naye kazi, na mahali ambapo kichwa chako hakipotei. Hapo mahali papo. Mimi nilipapata pangu mpakani, kwenye kelele.

Na ninyi mnaoishi na mtu wa namna hii, mnafanyaje ndani ya nyumba zenu? Andikeni. Nasoma taratibu, lakini nasoma zote.