Mkurugenzi wa kampuni ya bangi kaongezewa mshahara, mimi nawalipa mamama wa kwaya faida ya uongo

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Mimi ni mama wa miaka 41, Mkongomani wa Bukavu, nasuka nywele Greyville hapa Durban mwaka wa kumi na moja sasa. Wanaonijua wanajua nina mdomo. Lakini hii imeniziba.

Miaka mitatu nyuma mteja wangu aliniambia iko kampuni inalima bangi kihalali, ya kutengeneza dawa, na inauza hisa. Mimi na mamama sita wa kwaya tulikuwa na likelemba, tunachanga kila mwezi. Nikawashawishi tununue pamoja. Hisa ziliandikwa jina langu maana mimi ndiye mwenye makaratasi kamili ya kuishi hapa. Neno bangi sikulitamka. Niliwaambia ni kampuni ya dawa za majani, kwa sababu pasteur, mchungaji wetu, angesikia, angetufukuza sote.

Hisa zilishuka mpaka hakuna anayezitaka. Gawio hatujawahi kuliona. Nikaona aibu, basi kila Desemba nachukua hela yangu ya saluni nawagawia, nasema ndiyo faida. Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe vya kutosha.

Mwezi uliopita nikaenda mkutano wa wanahisa. Wakasoma: hasara tena, wafanyakazi wa shambani wamepunguzwa, na mkurugenzi aongezewe mshahara pamoja na bonasi. Nikanyoosha mkono nikauliza, "Huyu anaongezewa kwa kazi gani?"

Mwenyekiti akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, tusipomlipa vizuri atatukimbia."

"Mwacheni akimbie, nauli ya taxi nitamlipia mimi."

Watu wakacheka, halafu wakapiga kura. Wenye hisa nyingi ni huyo mkurugenzi mwenyewe na rafiki zake, kura yangu haikufua dafu. Nikanywa chai yao, nikarudi kusuka. Eish, siku ile nilichoka.

Sasa Jumamosi akaja saluni Mama Neema, mwenzetu wa kwaya, mjane, fundi wa nguo. Anatabasamu. Akaniwekea bahasha mapajani.

"Dada, nimeuza mashine zangu zote mbili. Ninunulie hisa zingine. Ile faida ya Desemba ilinisaidia sana, na macho yangu kwa kushona yamekwisha."

Nilitaka kusema. Wateja walikuwa wamejaa, na yeye kanishika mkono ananiombea baraka. Nikaitika amina.

Bahasha iko chini ya godoro langu. Nikiirudisha ataniuliza sababu, na nikieleza, mamama wote watajua ni bangi, watajua faida ilitoka mfukoni mwangu na akiba yao haipo. Nikinyamaza, Desemba atakuja na mkono wazi, na safari hii hana mashine. Nimeenda Overport kwa aliyezinunua, kakataa kuzirudisha.

Leo asubuhi Mama Neema kaniandikia: "Dada, hisa zangu zimekuwa ngapi?" Ameshaona kwamba nimesoma. Jamani, nimjibu nini?