Mkono Uliozikwa Nyuma ya Korona

Baba alianza kugawa vitu vyake mvua za vuli zilipoanza. Kwanza viatu vya ngozi, akampa jirani. Kisha koti zito ambalo kwa joto la Kilosa halina kazi yoyote, ila alilipenda. Kisha redio. Mimi niko Mikumi, nawapikia chakula madereva wa malori pale barabara kuu, na habari hizi zilikuwa zinanifikia kwa simu kutoka kwa majirani zake wa Mabwerebwere, kila mmoja akianza kwa kuniambia nisishtuke. Mtu akianza hivyo, moyo unakwenda mbio kabla hajafika kwenye jambo lenyewe. Siku niliyosikia ya redio nilifunga banda, nikapanda gari la Kilosa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Umekuja kwa ajili ya redio?"

"Nimekuja kukuona."

"Redio ilikuwa imeanza kukoroma," akasema, kana kwamba hilo ndilo nililolifuata.

Nilimkuta amekonda. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza, anajikuna hewani, pale ambapo mkono wake wa kulia ungekuwa kama angekuwa nao. Baba hana mkono huo, kuanzia chini kidogo ya kiwiko. Miaka yote niliyomjua, pengo lile lilikuwa kimya. Sasa aliniambia limeamka. Vidole vinawasha. Kuna nyakati vinajikunja vyenyewe kwa nguvu mpaka anasaga meno.

"Mkono unaniita," alisema. "Nimeuacha peke yake muda mrefu mno."

Nilimwambia twende hospitali. Aliniangalia kwa huruma, nami sipendi kuangaliwa hivyo, hasa na mtu ninayemhurumia mimi.

Mkono ule ulichukuliwa na korona kabla mimi sijazaliwa. Korona ni mashine ya kuchakata mkonge: jani linaingia bichi upande huu, linakandwa na kukwanguliwa na mapanga butu yanayozunguka, na upande wa pili zinatoka singa, zile nyuzi za kusokotea kamba. Baba alikuwa mlishaji, yaani mtu wa kusimama mezani na kuyapanga majani juu ya mnyororo unaoyapeleka ndani. Mnyororo ule haukuwa na habari ya jani wala mtu.

Watu wa kambi yao walikuwa ni manamba na watoto wa manamba, vibarua walioletwa na mkataba kutoka kila pembe ya nchi na nje ya nchi. Hawakuwa na bibi mmoja wa kuwarithisha mila, basi wakajitengenezea zao. Mashine ikimkata mtu, kiungo kilioshwa, kikavikwa kipande cha sanda, kikazikwa nyuma ya kiwanda. Muislamu, Mkristo na asiye na dini, wote hivyo hivyo. Na siku mwenyewe akifa, hata iwe miaka mingi baadaye, mwenzake mmoja alikwenda kuchota gao la udongo, yaani ujazo wa kiganja kimoja, pale kilipolala kiungo, akautia ndani ya sanda ya marehemu, upande uliopungua. Bila udongo huo, walisema, mtu hatulii kaburini. Anabaki kutafuta.

Nimelisikia jambo hili tangu utotoni na moyoni nililiona upuuzi. Sikuwahi kulisema hilo mbele ya baba.

Shida yake sasa ilikuwa nyepesi kueleza. Wenzake wote wa meza ile wamekufa. Yeye ndiye aliyewachotea udongo, mmoja mmoja, na hakubaki wa kumchotea yeye. Kaburi lake lilikuwa limeshapangwa, pembeni ya mama yangu, kwenye makaburi ya pale mjini. Nafasi aliiacha mwenyewe siku tulipomzika mama, na amepanda mshubiri kuilinda. Alichokosa ni gao moja la udongo.

"Nikienda ghafla nani atajua pa kuchimba? Wewe?" aliniuliza. "Twende nikauchukue mwenyewe, miguu ingali inanibeba."

Shamba lenyewe lilikufa zamani. Kiwanda kikakaa na popo wake miaka na miaka, mpaka wenye eneo walipokifanya makumbusho ya mashine za kale. Watu wanatoka mpaka Morogoro mjini kuja kuyatazama. Mimi nilikuwa sijakanyaga tangu yafunguliwe.

Tulikwenda Ijumaa baada ya sala, kwa bajaji ya kukodi. Baba alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, na mfukoni aliweka kitambaa kipya cha kufungia udongo. Wingu lilikuwa limekaa juu ya milima tangu asubuhi, jeusi, halinyeshi wala haliondoki. Barabara inapita katikati ya mkonge uliotelekezwa, na mwaka huo karibu wote ulikuwa umetoa milingoti, yale mashina marefu ya maua. Mkonge ukishatoa mlingoti umemaliza, unaanza kukauka. Baba aliitazama milingoti hiyo njia nzima, nami nikamlaumu dereva kwa kwenda polepole, ingawa alikuwa anakwepa mashimo.

Aliyetupokea ni mama mmoja wa makamo, mwenye ushungi na sauti ya mwalimu. Alimwamkia baba kwa heshima zote, akaona mkono wa kanzu unaoning'inia, akayahamisha macho upesi. Akaanza kututembeza. Kulikuwa na injini ya mvuke iliyokuwa ikiendesha kiwanda kabla ya umeme. Kulikuwa na troli za kubebea majani, zimewekwa juu ya kipande cha reli kisichokwenda popote. Kulikuwa na mashine ya kushindilia marobota, mizani, taipureta, simu ya kuzungusha mkono. Vyote vimepakwa rangi mpya. Mama yule alijua kila kimoja kilitoka nchi gani na kilikuja kwa meli ya namna gani. Baba alimsikiliza kwa adabu, kama mgeni anayeonyeshwa nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Korona ilikuwa mwisho, kwenye banda lake lile lile. Nilitegemea kuona kitu cha kutisha, na mwanzoni sikukiona. Wameipaka buluu. Meza ya kulishia imepigwa msasa mpaka inang'aa. Nilichokiona kinatisha ni baba, aliyekwenda moja kwa moja mpaka mahali pamoja pale mezani, akasimama, akatanua miguu kidogo, na bega lake la kulia likashuka. Sijawahi kumwona baba amesimama vile. Lakini mwili wake ulikijua kituo kile kuliko unavyojua kitanda chake.

"Hainuki," alisema.

Alikuwa na maana ya harufu ile kali ya maji ya mkonge, ambayo watoto wa kambini tulikuwa tunaitapika. Palinuka rangi tu.

Mama yule alieleza jinsi mashine inavyofanya kazi, vizuri kabisa. Alitaja mapanga, mnyororo, maji, singa. Watu aliwataja mara moja, aliposema kwamba meza hii ilihitaji walishaji. Kisha akasema siku hizi wameifungia mota ndogo ili wageni waione ikizunguka, na akabonyeza swichi.

Ilianza taratibu. Mnyororo ukatambaa mtupu, ukiingia mdomoni. Ule mngurumo niliusikia kwanza kwenye nyayo kabla ya masikio, na hapo nilitamani kutoka nje. Kulikuwa na wageni wengine wawili, kijana na mchumba wake, wanapigana picha. Kijana akalaza mkono wake juu ya mnyororo, kama jani, akageuza uso kwenye simu na kufanya kama anapiga kelele. Msichana akacheka.

"Mwambie atoe mkono," baba alisema. Hakupaza sauti. Mimi ndiye niliyepaza. Nilimwambia kijana yule maneno ambayo sitayaandika, na mama wa makumbusho akazima swichi. Kijana alisema mashine haina hata makali, shangazi, tulia. Kisha akamwona baba vizuri, kanzu yote kutoka juu mpaka mkono wake mtupu, akamshika mchumba wake wakaondoka.

Baba hakuwaangalia. "Sasa twende nyuma," aliniambia.

Nyuma ya banda, palipokuwa na kichaka na ukuta wa zamani, pamejengwa choo cha wageni. Kizuri, cha vigae, wanaume huku na wanawake kule, na simtanki juu. Baba alisimama mbele yake na kile kitambaa kipya kimefungwa kwenye ngumi ya kushoto. Alihesabu kwa macho kutoka kona ya banda, akahesabu tena.

"Ni pale," alisema. "Penye mlango wa wanawake."

Hasira ilinipanda mpaka nikaona giza. Nilimgeukia mama yule nikamuuliza ni nani aliyewaambia wachimbe pale, na kama wana baba zao, na kama baba zao wangefurahi kukojolewa. Nilisema mengi. Aliningoja mpaka nikaishiwa.

"Mzee alifanya kazi hapa," akasema. Hakuwa anauliza.

"Alikuwa mlishaji."

Akatazama pande zote mbili. "Tuliambiwa tusiseme mbele ya wageni," alisema, akatoa funguo mfukoni.

Alitupeleka kwenye stoo ya vipuri. Kati ya mikanda na meno ya gia kulikuwa na sanduku la mbao. Wachimbaji, alisema, walipofika kiunoni walianza kutoa mifupa. Wakubwa wakasema ni ya mbwa, endeleeni. Lakini ilikuwa imefungwa vitambaa, na mbwa hafungwi kitambaa, wachimbaji wakatupa sururu na hawakurudi. Ikabidi watafute wengine. Yeye mwenyewe ndiye aliyeikusanya ile mifupa. Alingoja mtu aje kuiulizia, na hakuna aliyekuja.

Alifunua. Ilikuwa mikono. Mifupa ya kutoka kwenye kiwiko, myembamba, ya rangi ya chai, na vifupa vya vidole vimekusanyika chini ya sanduku kama kokoto. Ilikuwa mingi. Sikutaka kuihesabu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mkono wa baba yangu mmoja, na hapa ulikuwepo mkono wa kila mtu.

Baba alipiga magoti. "Asalaam aleikum," aliliambia sanduku.

Kisha akaanza kuitafuta yake. Aliinua mfupa mmoja, akaulinganisha na mkono wake wa kushoto, akaurudisha. Akachukua mwingine. Akataja majina, kwa sauti ya chini, ya watu niliowajua wazee na niliowasikia tu, lakini kila jina lilipotoka alikuwa hajui aliweke kwenye mfupa upi. Yeye aliyejua mahali pa kila mmoja ardhini, hapa hakujua kitu. Mama wa makumbusho alikuwa analia. Mimi sikulia, nilikuwa naogopa, kwa sababu baba alikuwa ameacha kujikuna. Vidole vyake vya kushoto vilikuwa vimetulia juu ya ile mifupa na uso wake umepoa kabisa, na nilikumbuka uso wa mama ulivyopoa hivyo jioni moja na asubuhi yake hakuamka.

"Chukua wowote, baba," nilisema. "Tuondoke."

"Nikazikwe na mkono wa mtu? Yeye atafanyaje?"

Akainuka kwa kuushika mlango, akatoka nje. Alipita choo, akaenda mpaka mahali penye nyasi, karibu na michongoma ya mpakani, akaisukuma ardhi kwa kisigino.

"Tutaifukia hapa," alisema. "Yote pamoja. Na mimi mtanileta hapa."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nilimwambia ana nafasi yake kwa mama. Alisema anaijua. Nilimwambia nafasi ile aliiweka yeye, na mshubiri aliupanda yeye, na kwamba mama anamngoja. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuweza kuishusha. Nilimkumbusha kitu ambacho nyumbani hatukuwahi kukizungumza: kwamba kwa kuwa alifundishwa tangu utoto kwamba mkono wa kushoto si wa kulia chakula, mama alimlisha kila siku ya ndoa yao. Tonge la kwanza lilikuwa lake. Mama alikula ugali uliopoa maisha yake yote.

"Mama ndiye alikuwa mkono wako," nilimwambia. "Unamwacha kwa ajili ya mifupa usiyoijua."

Baba alikaa chini kwenye nyasi na kanzu yake nyeupe. Hakukasirika.

"Ndiyo maana," alisema. "Nikimfuata hivi nilivyo, ataanza tena kunilisha. Amechoka yule. Mwache ale."

Manyunyu yalikuwa yameanza na yeye hakujali, alikuwa anatandaza kile kitambaa kipya kwenye nyasi, anapima upana kwa kiganja kimoja. Nilirudi bandani kumtafuta mama wa makumbusho. Nilimkuta anafunga stoo, nikamuuliza kama ofisi yao inaweza kuruhusu mazishi kwenye eneo lile.

Aliniuliza kama ni mazishi ya ile mifupa au ya mtu.

Nikamwambia kwanza mifupa.